Jina la Anayesuka: Kutoka Rhapta hadi Ukuta wa Maonyesho

Lugha yetu ina majina mengi ya vitu vinavyosukwa, na majina machache ya wanaovisuka. Tuna mkeka, jamvi, msala, kitanga, kawa, kikapu, kanda, pakacha na pepeo. Tuna ukindu na miyaa, tuna ukili na shupatu. Lakini ukiuliza aliyevitengeneza anaitwa nani, aghalabu utajibiwa kwa ujumla: ni akina mama wa Rufiji. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo una historia ndefu, kwamba una hasara kwa watu walio hai, na kwamba washairi ndio wenye neno linaloweza kuuziba.

Naandika kutoka Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji, ambayo sasa ndiyo yenye sehemu kubwa ya delta. Nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu, na suala hili limekaa mahali ambapo masomo hayo mawili hukutana.

Tuanze mbali. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za baharini kutoka Misri hadi pwani yetu. Kitabu chake kinaitwa Periplus. Jina lake mwenyewe halikubaki. Alisema kwamba soko la mwisho la pwani hii, lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi, liliitwa Rhapta, na kwamba liliitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa. Kitenzi cha Kigiriki kilichozaa jina hilo kina maana ya kushona. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu mahali hasa ilipokuwa Rhapta, na delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali panapotajwa sana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua hapa Kibiti, mahali paitwapo Mkukutu, akapata shanga za kioo za zama za Warumi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1999.

Iwe Rhapta ilikuwa hapa au kwingineko, jambo moja latosha kwa hoja yangu: jina la zamani mno la mji wa pwani hii lililohifadhiwa katika maandishi limetokana na kazi ya sindano na uzi. Mji ulipewa jina la mshono. Washonaji hawakutajwa.

Kushona vyombo hakukuisha na Periplus. Mtepe, chombo cha Waswahili kilichodumu hadi karne ya 20, ulikuwa na mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Tulifika ng'ambo kwa kusukumwa na upepo uliopiga kwenye ukili. Aliyechonga mbao alijulikana kuwa fundi. Aliyesuka tanga hakuachiwa cheo kama hicho.

Kazi yenyewe si nyepesi. Ukindu hukatwa ungali mchanga kwenye mikindu inayoota kando ya mito na mabondeni. Huanikwa mpaka ugeuke mweupe, huchanwa kwa upana ulio sawa, kisha sehemu yake huchemshwa katika rangi. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, na wekundu wa kahawia kwenye magome ya mikoko, hasa mkandaa. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani. Baada ya hapo husukwa ukili, utepe mrefu unaozungushwa kama kamba ya jahazi. Mwisho ukili hushonwa, ukingo kwa ukingo, hadi mkeka upatikane. Msukaji asipohesabu miyaa yake tangu mwanzo, nakshi za ukili mmoja hazitakutana na za mwenzake. Mshairi atakayesoma sentensi hiyo ataitambua kazi yake mwenyewe: mizani ikikosewa katika mshororo wa kwanza, ubeti mzima huyumba.

Nguo ya pamba ina historia nyingine. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta kitambaa kizito cha pamba kilichoenea mno hata kikaitwa marekani: nchi nzima ikawa jina la kitambaa. Kaniki nayo ilitoka Bara Hindi. Kisha Wajerumani wakataka pamba ilimwe hapa kwa lazima, na mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa mto wetu, watu waliing'oa miche ya pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Katika pande hizi, basi, pamba ilikuwa mzigo na damu kabla ya kuwa pambo. Ukindu haukuwahi kulazimishwa na mtu. Labda ndiyo maana haukuandikwa sana katika majalada ya serikali.

Kanga ilikuja kwa njia ya tatu, na hapo wanawake ndio waliotangulia. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mijini pwani walinunua leso za mraba, wakaziunganisha sita kwa sindano, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wenye maduka wakafuata, wakaagiza nguo iliyokwisha kuchapwa kwa kipimo hicho. Mwanzoni mwa karne ya 20 maneno yakaongezwa, kwanza kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa hati ya Kilatini. Tazama tulivyoyaita maneno hayo: jina la kanga. Nguo imepewa jina, na mwenye duka huweka alama yake pindoni. Yule mwanamke wa kwanza aliyeunganisha leso sita hana jina.

Utaona sasa mkondo mmoja ukipita katika visa hivi vyote. Mashua imeupa mji jina, nchi imekipa kitambaa jina, methali imeipa kanga jina, na wilaya imeupa mkeka jina. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria wa kusini walikisubiri kivuko pale Ndundu, na aliyetaka kununua zawadi alitaka "mkeka wa Rufiji". Daraja limeondoa kungoja. Namna ya kutaja mkeka imebaki ileile.

Swali hili lilinifikia kwa njia ya mtu. Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa kijiji kimoja cha delta, husuka ukili wa ukindu na kuushonea vipande vya kanga zilizochakaa, nyavu kuukuu za kamba na magunia, akavitia rangi ya magome ya mkandaa. Kazi zake hazitandikwi, huangikwa. Katika mojawapo, maneno ya kanga ya marehemu bibi yake yamekatwa katikati na kuunganishwa na ukili, hivi kwamba msomaji hupata nusu ya methali na lazima ajitafutie nusu ya pili. Alipotaka kushiriki maonyesho fulani Dar es Salaam alipewa fomu yenye nafasi tatu: uchoraji, uchongaji, kazi za mikono. Akaweka alama kwenye kazi za mikono kwa kukosa pengine. Picha za wachoraji zilitundikwa ndani, kila moja na jina na mwaka wake. Kazi zake zilipangwa juu ya meza nje, pamoja na vikapu, na kikaratasi cha bei bila jina. Akanipigia simu baadaye: "Shikamoo Mwalimu. Nipe neno. Wakiniuliza mimi ni nani, nijibu nini?"

Si swali la kujitukuza. Kazi isiyo na jina hupangiwa bei na mnunuzi, na nakshi isiyo na mwenyewe huigwa bila haya. Tangu 1999 nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, lakini haki ya aina hiyo huanza kwa kumjua aliyetunga. Jina likikosekana, hapana wa kudai.

Nikalipima kila neno tulilo nalo. Fundi ni neno la heshima kubwa, lakini hutaja ustadi, halitaji dhamira. Fundi hutengeneza ulichomwagiza. Msusi siku hizi amehamia saluni, na anayesikia neno hilo hufikiria nywele. Msanii ndilo neno la taasisi: Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, na Baraza la Sanaa la Taifa la sasa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984. Tena asili yake ni nzuri, kwani katika Kiarabu mzizi wa sanaa ni kutengeneza, na ndio uliozaa hata neno la viwanda. Huko sanaa na kazi ya mikono hazikutenganishwa. Tatizo ni kwamba mitaani "kufanya usanii" kumekuwa kulaghai. Mwanafunzi wangu alicheka: "Nikisema kijijini mimi ni msanii, watanificha pochi zao."

Kuhusu kazi yenyewe, tunalo neno mseto. Asili yake ni chakula, mchele na choroko katika chungu kimoja, na leo tuna kilimo mseto na serikali ya mseto. Neno hili lafaa, kwa kuwa katika mseto kila punje bado huonekana. Kwa hiyo kazi ya nguo mseto ni tamko linaloeleweka bila mkalimani. Lakini linataja kazi. Bado halimtaji mtu.

Neno la mtu, kwa maoni yangu, ni mtunzi. Kutunga ni kupitisha uzi: tunatunga shanga, tunatunga maua, tunatunga samaki kwenye kamba. Kutunga pia ni kuandika shairi. Kitenzi ni kimoja, na Kiswahili hakikuona haja ya kuvigawa. Wala hatuko peke yetu. Kitenzi kilekile cha Kigiriki kilichoupa mji wa Rhapta jina lake ndicho kilichowapa Wagiriki neno la mghani wa tenzi, rhapsodos, yaani mshona nyimbo. Kwa hiyo tunapomwita anayeunganisha ukili na kanga mtunzi, hatumwazimi vazi la mshairi. Mshairi ndiye aliyeazima kwake.

Wako walioshinda suala hili kwa njia nyingine. Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za dari, na jina la ukoo wake likawa jina la mtindo mzima. Magdalena Abakanowicz wa Poland alifuma katika miaka ya 1960 vitu vikubwa vya nyuzi ambavyo havikuwa zulia wala sanamu. Vikaitwa Abakan, kutokana na jina lake. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja mwaka 1954, alipata Tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, na mwaka uliofuata alionyesha katika jumba la BALTIC, Gateshead, vitambaa vilivyofuata muundo wa kanga, maneno yakiwemo. Hakuna aliyeviweka kwenye meza ya nje. Kanga ni ileile inayoanikwa uani kwetu. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kazi alitajwa na kazi ikasomwa.

Najua nitajibiwa kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwamba mwenye kazi njema hana haja ya kujieleza. Ni methali ya busara sokoni, ambako mnunuzi na muuzaji wanaijua bidhaa kwa pamoja. Mzee wa Nyamisati hahitaji maelezo ya mkeka, maana ameulalia. Lakini ukuta wa maonyesho ni ugenini, na mgeni hujitambulisha. Hata methali yenyewe yasema kizuri chajiuza. Haisemi kwamba chajitaja. Tena shairi letu la jadi halikuona aibu: mtunzi hutia jina lake katika beti za mwisho, na hatujapata kumwita mwenye majivuno.

Nilimjibu mwanafunzi wangu aanze na vitenzi, maana vitenzi havidanganyi, kisha aweke nomino moja tu. Maelezo aliyoyaandika kwa maonyesho yaliyofuata yalikuwa na sentensi tatu: "Nasuka ukindu wa Rufiji, nashona kanga zilizovaliwa, natia rangi ya mkandaa. Kazi hizi ni nguo mseto. Mimi ni mtunzi." Chini akaandika jina lake kamili, la kijiji chake, na la bibi aliyemfundisha. Waandaaji waliikubali karatasi hiyo na kuibandika ukutani kando ya kazi.

Kwenu nyinyi mnaoandika beti nina ombi. Mkikutana na mkeka, kawa au msala wenye nakshi, ulizeni nakshi ile inaitwaje, na nani aliisuka, mkaandike majibu yote mawili. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua delta nzima. Na mwenye neno bora kuliko mtunzi alilete, tulipime kwa pamoja. Mpaka hapo, nakunja jamvi.