Mfupa Uliovunjika na Jeraha Lililo Wazi

Zamani huko Ulaya, mtu akivunjika mguu na ngozi isipasuke, aliweza kutumaini kupona. Bali mfupa ukitokeza nje, mara nyingi waganga waliukata mguu ule upesi, kwani walijua ya kuwa jeraha litaoza, na uozo ule utamwua mgonjwa.

Mwezi wa Agosti, 1865, mjini Glasgow, aliletwa hospitalini mtoto wa miaka 11, gurudumu la gari limempita mguuni. Joseph Lister hakuukata. Alikuwa amesoma habari za Pasteur juu ya vijidudu. Basi akafunika jeraha kwa kitambaa kilicholowa kaboliki, akaufunga mguu kwa banzi. Siku 4 zikapita, akafungua: hapakuwa na usaha. Tena dawa yenyewe iliunguza ngozi, ikambidi aipunguze ukali; lakini baada ya majuma 6 hivi mfupa ulikuwa umeunga.

Naye hakuwaficha walioshindikana. Katika wagonjwa 11 wa namna hiyo aliowaandika mwaka 1867, 9 walipona, 1 alikatwa kiungo, 1 alifariki. Na katika waliokatwa viungo hospitalini mwake, kabla ya dawa ile walikufa 16 kati ya 35. Baadaye, 6 kati ya 40. Hesabu hiyo, naona, yashinda sifa zote alizopewa.

Mwaka 1877, huko London, alithubutu kupasua goti lisilo na jeraha lolote, akaiunga pia ya goti iliyovunjika kwa uzi wa fedha. Wenzake walishtuka. Mgonjwa akapona.