Bomba la pazia la bafu

Bomba la pazia la bafu (pia: fimbo ya pazia la bafu) ni kipande kirefu cha chuma, alumini au plastiki kinachofungwa juu ya mahali pa kuogea ili kubeba pazia linalozuia maji yasirukie sehemu nyingine ya chumba. Ingawa huitwa bomba, halipitishi maji.

Mabomba yaliyonyooka huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Yale yenye umbo maalumu, kama la herufi L, la herufi U au la upinde, mara nyingi hutengenezwa kwa oda. Katika miji ya Tanzania kama Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kazi hiyo inaweza kufanywa na fundi yuleyule anayechomelea mageti na grili za madirisha.

Matumizi mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Vijijini bafu nyingi ziko nje ya nyumba na watu huoga kwa maji ya ndoo. Pazia, likiwepo, ni kitambaa au turubai linaloning'inizwa mlangoni kwa kamba. Hapo bomba halihitajiki.

Haja yake huonekana katika nyumba za mjini na za kulala wageni zenye bafu na choo ndani ya chumba kimoja kidogo. Kwa kawaida hakuna sinia la kuogea. Sakafu ya pembeni huinamishwa kuelekea tundu la maji machafu. Bila pazia, maji hulowesha choo, mlango na sakafu yote, na mtu huweza kuteleza. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za mkoa huu, unaofadhiliwa kwa sehemu na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, umelenga kuongeza maji ya bomba, na maji yakifika ndani bafu za namna hii huwezekana katika nyumba nyingi zaidi.

Maumbo

* Lililonyooka: hufungwa kati ya kuta mbili zinazotazamana. Aina ya kubana, yenye springi au skrubu ndani, hushikiliwa na msukumo wa kuta zenyewe, kwa hiyo haifai kwa umbo lililopinda.
* Umbo la L: hufaa mahali pa kuogea palipo kwenye kona, kwa kuwa kuta mbili tayari zinazuia maji.
* Umbo la U: huzunguka pande tatu za mahali palipo ukutani.
* Upinde: huongeza nafasi ya mabega bila kupanua chumba.

Uimara

Uimara wa bomba hutegemea mambo matatu: urefu usio na mhimili, unene wa bomba na namna lilivyoshikwa ukutani.

Urefu ndio wenye athari kubwa. Uzito uleule ukiwekwa katikati, bomba lenye urefu maradufu hupinda mara 8 zaidi. Kwa hiyo mhimili mmoja wa kutoka darini, ukiwekwa katikati, husaidia kuliko kubadilisha aina ya chuma.

Kipenyo nacho hushinda unene wa ukuta wa bomba. Mabomba mawili yenye ukuta wa unene uleule, moja likiwa na kipenyo maradufu, hutofautiana ugumu kwa takriban mara 8, ilhali chuma kinachotumika huongezeka mara 2 tu. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini kwa vipimo vilevile hupinda karibu mara 3 zaidi. Plastiki ya mabomba ya maji hulegea taratibu chini ya mzigo wa kudumu.

Vipimo na utengenezaji

Bomba la chuma lililopakwa zinki la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, na la robo tatu inchi milimita 26.9. La pili linatosha kwa bafu nyingi. Vikulabu vya pazia lazima vichaguliwe kwa kipimo cha nje, si kwa jina la bomba.

Kwa umbo la L lenye pande za sentimita 150 na 80, na kona ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, hesabu ni hii: sehemu zilizonyooka ni 135 na 65, na kona ni 15 × 1.57, yaani karibu 24. Jumla ni sentimita 224. Bomba la meta 6 hutoa mawili na kubakiza meta moja na nusu hivi.

Kona ikitengenezwa kwa kiungo cha fundi bomba, yaani elbo, vikulabu hukwama hapo kwa sababu kiungo ni kinene kuliko bomba. Kukunja bomba lenyewe huondoa tatizo hilo. Mahali pasipo na mashine ya kukunjia, bomba hujazwa mchanga mkavu ulioshindiliwa na kuzibwa ncha kwa mbao, kisha huzungushwa polepole kwenye kiolezo cha duara. Mchanga huzuia bomba kubonyea. Usipokuwa mkavu na bomba likapashwa moto, mvuke unaweza kulipasua kwa kishindo.

Katika kila ncha huchomelewa bamba lenye matundu matatu ya skrubu. Sehemu zilizochomwa husuguliwa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Ncha zilizo wazi zizibwe, kwa kuwa kutu ya ndani haionekani mpaka bomba limetoboka.

Kufunga

Katika ukuta wa tofali za saruji au za kuchoma, skrubu hushikwa na plagi za plastiki zinazotiwa kwenye matundu. Ukuta wa tofali mbichi za udongo haushiki plagi vizuri. Hapo bamba hufungwa kwenye ubao mpana, au bolti hupitishwa hadi upande wa pili. Mhimili wa darini ufungwe kwenye mbao za kenchi, si kwenye jipsamu. Uchomelewe juu ya bomba, na vikulabu viwe vya umbo la C ili viupite.

Usalama

Zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzijoto 907 za selsiasi, chini ya joto la kuchomelea. Kuvuta moshi wake huleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa kadhaa baadaye. Fundi huondoa zinki kwa grenda mahali pa kuchomelea na hufanya kazi penye hewa.

Bomba la pazia si la kujishikilia. Pazia lenyewe ni jepesi, lakini mtu anayeteleza hushika kilicho karibu, na skrubu zinaweza kung'oka. Penye mzee, mjamzito au mtu mwenye ulemavu, hufungwa pia mshikio tofauti wa chuma, chini ya usawa wa bega, katika ukuta imara.