Eksirei unapotafuta mtoto: Lipi la kuogopa, lipi la kuuliza

Kina dada na kina mama wasomaji wangu, leo naandika juu ya jambo ninaloulizwa mara kwa mara. Mwanamke anayepanga kushika mimba akipigwa eksirei, je, kizazi hudhurika? Asubiri miezi mingapi? Na akigundua baadaye kwamba alikuwa tayari mjamzito, afanye nini?

Mimi si daktari. Nina diploma ya afya ya jamii, na ninachoandika hapa ni yale ambayo wataalamu wamekubaliana.

Swali hili linatuhusu wengi. Binti anayekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba hupigwa eksirei ya kifua kabla ya kusafiri. Mwenye kikohozi kisichokwisha hupigwa ili aangaliwe kifua kikuu. Aliyeanguka na bodaboda hupigwa ya mguu. Hata aliyekaa na mume miaka bila mtoto huenda akapelekwa kupigwa picha ya mirija ya uzazi, na hiyo nayo ni eksirei.

Mionzi haikai mwilini

Tangu Mjerumani Wilhelm Röntgen agundue eksirei mwaka 1895, watu wamekuwa wakidhani kwamba kitu fulani hubaki mwilini. Hakibaki. Ni kama taa: ukiizima, mwanga haubaki chumbani. Kwa hivyo hakuna cha kusubiri kitoke, wala hakuna maziwa au dawa ya mitishamba ya kukisafisha.

Aliyepigwa eksirei ya kawaida kabla ya kushika mimba hahitaji kuahirisha mipango yake. Watoto waliotungwa mimba baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya 1945, ambao wazazi wao walinusurika, wamefuatiliwa kwa miongo mingi. Baadhi ya wazazi hao walipata mionzi mingi mno kuliko ya picha ya hospitali, lakini halijaonekana ongezeko la maradhi ya kurithi kwa watoto wao.

Kwa waume, picha ya kifua, meno au mkono haiharibu mbegu.

Kama mimba ilikuwa imeshaingia

Mionzi inayomfikia mtoto tumboni hupimwa kwa miligrei. Eksirei ya kifua humfikishia chini ya 0.01. Ya meno, mkono au mguu pia ni kidogo mno, kwa sababu mionzi haikuelekezwa kwenye tumbo. Eksirei ya tumbo au nyonga hufika kama 1 hadi 3. Skani ya CT ya nyonga ndiyo kubwa, kati ya 10 na 50.

Ulinganishe na hili: mionzi ya asili, inayotoka ardhini na angani, humfikishia kila mtoto kati ya 0.5 na 1 katika miezi yote 9. Mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro kwa sababu ya mionzi hakujaonekana chini ya miligrei 50.

Mbona basi hospitali huuliza kama una mimba? Katika miaka ya 1950, daktari Alice Stewart wa Oxford aliona kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walipata saratani ya utotoni zaidi kidogo kuliko wengine. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ikiwa picha ya tumbo inaweza kungoja au kipimo kingine kinatosha, ya nini kuibeba?

Naomba hapa tusikilizane vizuri. Mwanamke aliyepigwa picha bila kujua ana mimba asikubali kuambiwa na jirani, shoga wala mkwe kwamba mimba hiyo itolewe. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilisema mwaka 2000 kwamba mionzi iliyo chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba. Arudi hospitali, ataje picha aliyopigwa na tarehe yake, akadiriwe kiasi kilichomfikia mtoto.

Hesabu ya hedhi

Sisi wanawake wa Kiislamu huhesabu siku za hedhi kwa ajili ya swala na saumu. Hesabu hiyo hiyo tuingie nayo chumba cha eksirei. Picha ya tumbo au nyonga isiyo ya dharura ni bora ipigwe ndani ya siku 10 tangu hedhi kuanza, kwa sababu mimba huwa bado haijaingia. Picha ya mirija hupigwa siku hizo hizo, damu ikishakatika.

Ukiona umechelewa hata siku chache, sema kabla ya kupanda kitandani, na uombe kipimo cha mkojo. Si jambo la kuonea haya, hata kama mtaalamu wa eksirei ni mwanamume. Uliza pia kama ultrasaundi inaweza kutosha, kwani haitumii mionzi hiyo, na MRI vilevile. Mashine za eksirei nchini hutakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, kwa hivyo una haki ya kuuliza hilo pia.

Panapohitaji kusubiri

Iodini ya mionzi, inayotumika kutibu maradhi ya tezi ya shingo, ni jambo jingine kabisa, kwani hiyo huingia mwilini. Mwanamke huambiwa asishike mimba kwa angalau miezi 6, na mwanamume naye husubiri kwa kawaida miezi 4. Aliyetibiwa saratani kwa mionzi afuate maelekezo ya daktari wake.

Lakini anayekohoa wiki kadhaa na kukataa picha ya kifua eti anatafuta mtoto, anakimbia mionzi kidogo mno na kubaki na hatari kubwa. Kifua kikuu kisichotibiwa humdhuru mama na mtoto aliye tumboni. Dada yangu, kapigwe picha hiyo, utibiwe kama kuna ugonjwa, kisha mtoto atafutwe mwili ukiwa na afya, inshallah.