Minyoo ya mizizi yaiangusha migomba msimu wa mvua

Katika kata ya Rulenge, wilayani Ngara, mkoani Kagera, mgomba ni chakula na ni fedha. Hata hivyo, mgomba wenye mkungu unaokaribia kukomaa huweza kuanguka ghafla baada ya mvua ya upepo, na lawama zote zikauendea upepo.

Mara nyingi chanzo kimo ardhini. Ni nematodi, minyoo ya mizizi isiyofikia urefu wa milimita moja, ambayo hutoboa mizizi na kuiozesha. Mgomba ulioshambuliwa nayo hung'oka na mizizi mifupi, myeusi. Ulioliwa na bungua huvunjika kwenye tunguu.

Spishi mbili ndizo zinazosumbua zaidi Kagera: Pratylenchus goodeyi, inayostawi katika nyanda za juu zenye baridi, na Radopholus similis, inayopenda joto. Hii ya pili, ambayo hushambulia pia minazi, ilielezwa kitaalamu mwaka 1893 na Nathan Cobb kutokana na migomba ya Fiji.

Idadi ya minyoo hubadilika kwa majira. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mizizi michanga hupungua na minyoo hujihifadhi katika mizizi iliyo hai na katika tunguu. Mvua zinaporejea, mizizi mipya huchipua na minyoo hupata chakula tele. Katika joto la nyuzi 24 hadi 32, Radopholus similis hukamilisha kizazi kwa siku 20 hadi 25. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Mwanzo wa mvua ndio pia wakati wakulima wanapopeana machipukizi ya kupanda, na minyoo husafiri nayo kutoka shamba hadi shamba.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Chipukizi hukatwa mizizi yote na kumenywa tunguu hadi libaki jeupe, kisha huzamishwa katika maji ya nyuzi 53 hadi 55 kwa dakika 20. Asiye na kipimajoto hutumia maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu.

Aidha, kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa KCDP ulisambaza mkoani humo aina mpya za migomba, ikiwemo Yangambi Km5 inayohimili Radopholus similis.

Hata hivyo, chipukizi safi likipandwa katika udongo wenye minyoo huambukizwa upya. Shamba lililong'olewa migomba iliyougua hufaa kupandwa kwanza mihogo au viazi vitamu, ili minyoo ikose chakula.