Msaidizi wa Nyumba na Msaidizi wa Mtu

Katika historia ya mpira wa miguu majina yanayokumbukwa ni ya aina mbili: majina ya wachezaji waliotia mabao, na majina ya walimu wakuu waliowaongoza. Kati ya hao yupo mtu wa tatu, ambaye hufika kiwanjani kabla ya wachezaji na huondoka baada ya mkuu wake, na ambaye jina lake likitajwa watu huulizana, "Huyo ni nani?" Mtu huyo ni mwalimu msaidizi. Insha hii yamhusu yeye, na swali linaloiongoza ni fupi kwa maneno lakini refu kwa majibu: kwa nini timu yenye mali, uwanja mkubwa na jina linalovuma huweza kupata taabu ya kuwavuta wasaidizi walio bora na kukaa nao?

Jibu jepesi ni fedha, lakini halitoshi. Klabu nitakayoifanya mfano, Manchester United ya Uingereza, ni miongoni mwa klabu tajiri kabisa duniani, na haikushindwa kamwe kulipa mshahara wa msaidizi. Nitajaribu kuonyesha kwamba shida yake ilikuwa katika kiti chenyewe, yaani katika kujua kiti hicho ni mali ya nani. Kiti cha msaidizi kikiwa mali ya nyumba, watu wema hukikalia miaka na miaka. Kikiwa mali ya mtu mmoja anayeweza kuondolewa kesho, mwenye akili hukitazama mara mbili kabla ya kukikalia.

Zamani timu za Uingereza hazikuwa na msaidizi kwa maana ya leo. Palikuwa na katibu, aliyeandika barua na kununua wachezaji, na palikuwa na mkufunzi wa viungo, aliyewakimbiza wachezaji na kuingia uwanjani na ndoo ya maji mtu alipoumia. Herbert Chapman, aliyeichukua Arsenal mwaka 1925, alikuwa mmoja wa waliouona ufinyu wa mpango huo. Alimpa Tom Whittaker, mchezaji aliyevunjikiwa na mchezo kwa jeraha la goti, kazi ya kuwatunza na kuwaandaa wachezaji kwa elimu, si kwa mbio tu. Chapman alifariki Januari 1934 katikati ya msimu, na Arsenal ikamaliza msimu huo ikiwa bingwa. Mwaka 1947 Whittaker mwenyewe akawa mkuu, akatwaa ligi mwaka 1948 na 1953, na Kombe la FA mwaka 1950. Nyumba ile ilikuwa imempa msaidizi mambo mawili: kazi ya maana, na mlango wa kupitia mbele. Alipofika mlangoni, hakuhitaji kuonyeshwa vyumba.

Sasa twende Manchester. Matt Busby alipoanza kazi huko mwaka 1945 aliikuta klabu ambayo uwanja wake ulikuwa umebomolewa na mabomu ya vita. Mtu wa kwanza kumwita amsaidie alikuwa Jimmy Murphy, mtu wa Wales, ambaye Busby alimsikia akiwafundisha askari mpira kule Italia. Murphy aliingia mwaka 1946. Busby alikuwa uso wa klabu, na Murphy alikuwa mikono yake. Vijana waliokuja kuitwa watoto wa Busby walipita kwanza katika mikono hiyo, jioni baada ya jioni, wakifundishwa kupokea mpira, kuutoa na kuurudia.

Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyokuwa ikiirudisha timu kutoka Belgrade ilianguka Munich. Watu 23 walikufa, nane kati yao wachezaji. Walikufa pia mkufunzi Tom Curry, mwalimu Bert Whalley na katibu Walter Crickmer. Busby mwenyewe alilala hospitali baina ya uhai na mauti. Murphy hakuwamo ndegeni, maana alikuwa pia mwalimu wa timu ya taifa ya Wales, na siku moja kabla Wales ilikuwa imecheza na Israel mjini Cardiff. Basi mzigo wote ukamwangukia msaidizi. Alizika wafu, akakusanya vijana na wachezaji wa kuazima na kununua, na siku 13 baada ya ajali akaipeleka uwanjani timu iliyoifunga Sheffield Wednesday mabao 3 kwa 0. Mwezi wa Mei akaifikisha katika fainali ya Kombe la FA, ambako Bolton iliwashinda mabao 2 kwa 0. Mwaka huohuo akaiongoza Wales hadi robo fainali ya Kombe la Dunia kule Sweden, na Brazil ikahitaji bao la kijana aitwaye Pelé ili kumtoa.

Hapa msomaji apime. Kama Murphy angekuwa msaidizi wa mtu tu, mtu yule alipolala hospitali na kazi ingelala naye. Kwa kuwa alikuwa msaidizi wa nyumba, nyumba ilisimama. Busby alipopona alimkuta Murphy amemlindia kiti, na Murphy akarudi nyuma bila neno. Manchester ilipotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1968, yeye alikuwa bado yupo.

Lakini nyumba hiyohiyo haikuelewa somo lake. Busby alipojiuzulu mwaka 1969 alipewa kiti Wilf McGuinness, kijana wa miaka 31 aliyekuwa akifundisha timu ya akiba, huku Busby mwenyewe akibaki ghorofani kama meneja mkuu. McGuinness alipewa kazi bila kupewa fimbo, na mwisho wa mwaka 1970 akaondolewa. Mwaka 1974 klabu ikashuka daraja. Ubingwa wa ligi ilioupata mwaka 1967 haikuuona tena mpaka mwaka 1993.

Umbali wa safari ya saa moja kutoka hapo, jambo jingine lilikuwa likitendeka. Bill Shankly alifika Liverpool Desemba 1959, timu ikiwa daraja la pili. Aliwakuta walimu ambao hakuwachagua yeye: Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett. Desturi ingemruhusu kuwafukuza. Yeye aliwaita, akawaambia anataka uaminifu, akawaacha. Wasaidizi hao walikuwa na chumba kidogo kilichowekwa viatu vya wachezaji, na humo walikaa juu ya makreti wakizungumza habari za kila mchezaji, kila jeraha na kila mpinzani. Chumba hicho kikawa chuo. Shankly alipostaafu mwaka 1974, Paisley alishika usukani, na kwa misimu tisa akatwaa ligi mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu. Fagan akamfuata mwaka 1983, na katika msimu wake wa kwanza akatwaa ligi, Kombe la Ligi na Kombe la Ulaya. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu hao walikubali kuwa wasaidizi kwa muda mrefu hivyo. Walijua kwamba mkuu akienda, wao hawaendi, na kwamba elimu waliyoiweka katika nyumba itawalipa wao au wenzao.

Turudi Manchester. Alex Ferguson alifika Novemba 1986 pamoja na msaidizi wake, Archie Knox. Katika miaka yake 26 wasaidizi wengi walipita, na wengi wao walikuwa hodari. Knox aliondoka mwaka 1991 kwenda Rangers ya Uskoti. Brian Kidd, aliyekuwa ametia bao katika fainali ya mwaka 1968, alimfuata, naye akaondoka Desemba 1998 ili awe mkuu huko Blackburn. Mei 1999 Blackburn ilishuka daraja, na mchezo uliothibitisha kushuka kwake ulikuwa sare na Manchester ileile aliyoiacha. Steve McClaren alichukua nafasi yake Februari 1999, akashiriki katika kutwaa makombe matatu ya msimu ule, na mwaka 2001 akaenda Middlesbrough kuwa mkuu. Carlos Queiroz, mzaliwa wa Nampula katika nchi jirani yetu ya Msumbiji, aliingia mwaka 2002, akaenda Real Madrid mwaka 2003, akarejea mwaka 2004, na mwaka 2008 akaitwa kuifundisha timu ya taifa ya Ureno.

Msomaji aweza kusema kwamba kuondoka huku ni ishara ya ubaya. Kwa maoni yangu ni kinyume. Msaidizi anayetafutwa na wengine ni msaidizi mzuri, na nyumba inayotoa wakuu huvuta wasaidizi wapya. Ubaya ulionekana mahali pamoja, napo panafundisha sana. Ferguson alikuwa ametangaza kwamba angestaafu mwisho wa msimu wa 2001-02. McClaren alikuwa ameondoka, na kiti chake kikashikwa na Jim Ryan, ambaye alikuwamo nyumbani tangu zamani. Hakuletwa mtu mpya mwenye sifa kutoka nje, na si ajabu: nani aliyekuwa na jina la kulinda angekubali kumsaidia mkuu anayefungasha virago, akingoja kukabidhiwa kwa mgeni asiyejulikana? Timu ilimaliza ya tatu, bila kombe. Ferguson akabadili nia akabaki, na mara tu mkuu alipokuwa na kesho, Queiroz akapatikana.

Kisa hicho kilikuwa onyo, lakini halikusikika. Ferguson alipostaafu kweli Mei 2013, David Moyes alikuja kutoka Everton pamoja na walimu watatu waliokuwa naye huko. Mike Phelan, René Meulensteen na Eric Steele, waliokuwa katika benchi lililotwaa ubingwa mwezi wa Aprili mwaka uleule, wakaondoka. Kumbukumbu ya nyumba ikatoka na watu watatu kwa mlango mmoja. Moyes alifukuzwa Aprili 2014, na timu ikamaliza ya saba. Louis van Gaal alimfanya Ryan Giggs msaidizi wake, na wengi wakadhani mrithi ameonekana. Lakini mwaka 2016 alikuja José Mourinho na msaidizi wake, na Giggs akaondoka baada ya miaka 29 katika klabu hiyo.

Kisa cha mwaka 2024 kinafunga hoja. Julai mwaka ule Ruud van Nistelrooy, aliyeifungia Manchester mabao 150 siku za uchezaji wake na aliyekwisha kuwa mkuu wa PSV ya Uholanzi, alikubali kurudi awe msaidizi wa Erik ten Hag. Pamoja naye alikuja René Hake, aliyeacha ukuu wa timu nyingine ya Uholanzi. Wasaidizi bora zaidi ya hao si rahisi kuwapata. Tarehe 28 Oktoba Ten Hag alifukuzwa. Van Nistelrooy alishika timu kwa michezo minne, akashinda mitatu na kutoka sare mmoja. Kisha akaja Rúben Amorim na watu wake, na tarehe 11 Novemba Van Nistelrooy na Hake wakaondoka. Hawakuwa wamekaa hata miezi mitano. Kabla mwezi haujaisha Leicester City, klabu aliyoifunga mara mbili katika siku zile chache, ilimfanya Van Nistelrooy mkuu wake.

Tangu 2013 hadi Novemba 2024 klabu hiyo ilipata wakuu sita wa mkataba, mbali na wale wa muda. Kila mmoja alipoingia aliingia na watu wake, au akawaacha waliopo wakining'inia. Mwalimu mwenye sifa akitazama orodha hiyo haulizi, "Nitalipwa kiasi gani?" Huuliza, "Mtu wangu akianguka, mimi nitakuwa nani?" Nyumba isiyoweza kulijibu swali hilo hubaki na wasaidizi wa aina mbili: marafiki wa mkuu, ambao huja kwa ajili yake na kuondoka naye, au watu wasio na mahali pengine pa kwenda.

Yapo mashaka ya haki. Mkuu mpya apaswa kufanya kazi na watu anaowaamini, na nyumba inayorithisha kutoka ndani tu yaweza kuchakaa ndani kwa ndani. Mfano wa McGuinness waonyesha kwamba urithi peke yake hauponyi. Lakini Shankly alikuwa mgeni, na imani aliijenga kwa watu aliowakuta. Wala sisemi msaidizi asiondoke. Nasema kuondoka kwake kusiwe hukumu ya kosa la mtu mwingine.

Sisi wa vyuoni tusilione jambo hili kuwa la viwanjani tu. Nasi tunao wahadhiri wasaidizi, makatibu wasaidizi na wahariri wasaidizi, na mara nyingi twashangaa kwamba vijana hodari hawakai. Tujiulize kama tumewapa kiti, au tumewapa kivuli cha mwenye kiti. Maana jua likihama, kivuli huhama nalo.

Jimmy Murphy alifariki mwaka 1989. Sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja wa Old Trafford mwaka 2023, miaka 65 baada ya Munich. Ilikuwa heshima iliyomstahili. Mwaka uliofuata, katika uwanja huohuo, wasaidizi wawili wa Kiholanzi walikusanya vitu vyao wakaenda zao.