Meno ya Tembo, Mzigo wa Historia ya Tanzania

Katika nembo ya taifa la Tanzania wamesimama mwanamume na mwanamke, miguuni pao ukiwa Mlima Kilimanjaro, na kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Waliochagua alama hiyo waliijua nchi yao. Hakuna mnyama aliyeingia katika mambo ya Watanzania kama tembo. Meno yake yalivuta majahazi pwani, yakafungua njia za bara, yakatajirisha masultani, na miaka si mingi iliyopita yakawang'oa mawaziri madarakani. Lakini ukiyafuata meno hayo tangu zamani hadi leo, utakuta jambo moja likijirudia kila zama: faida ilisafiri mbali, na hasara ikabaki kwa aliyeishi na tembo.

Biashara yenyewe ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinaitaja Rhapta, bandari ambayo wataalamu wengi wanaiweka katika pwani ya Tanzania ya leo, kuwa ilisafirisha meno ya tembo kwa wingi. Katika karne ya 10, msafiri Al-Masudi aliandika kwamba meno kutoka nchi ya Zanj yalipelekwa Oman, kisha India na China.

Karne ya 19 ndiyo iliyoibadili nchi. Sultani Seyyid Said wa Oman alihamishia makao yake Zanzibar, na Marekani ikafungua ubalozi mdogo kisiwani humo mwaka 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo za merikani na kuondoka na meno ya tembo. Mengi yaliishia katika miji midogo ya Connecticut, yakichongwa vibao vya piano kwa ajili ya sebule za watu wasiowahi kuisikia Tabora.

Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ipo picha iliyozoeleka kwamba kila jino lilibebwa na mtumwa. Biashara ya watumwa ilikuwepo, ilikuwa ya kikatili, na ilitembea bega kwa bega na ile ya pembe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakilipwa ujira, watu wenye fahari ya kazi yao, kila mmoja akichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alitajirika kwa pembe hadi ndani ya Kongo, na akaacha simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili. Mtemi Mirambo wa Urambo naye alielewa kwamba mwenye njia ndiye mwenye nguvu. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji, na biashara ya Zanzibar ikayumba.

Kwa wawindaji wenyewe, tembo hakuwa bidhaa tu. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na chama cha wawindaji wa tembo, bayege, chenye dawa zake, nyimbo zake na miiko yake. Mwiko mmoja ulifika hadi nyumbani: iliaminika kwamba mke asipokuwa mwaminifu mume akiwa porini, tembo angemgeukia mwindaji na kumuua. Miiko hiyo, pamoja na ugumu wa kumwinda mnyama mkubwa hivyo kwa mkuki, iliufanya uwindaji kuwa kazi ya wachache waliofundishwa. Bunduki zilizoletwa na misafara zilivunja ukuta huo.

Tembo mkubwa aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898 ni ushahidi wa zama hizo. Meno yake mawili, yenye uzito wa zaidi ya kilo 200 kwa pamoja, ndiyo mazito kuliko yote yanayojulikana. Yaliuzwa Zanzibar, na leo yanahifadhiwa katika makumbusho mjini London.

Kisha ikaja serikali ya Wajerumani. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji, akadai leseni na kutenga mapori ya akiba, likiwemo eneo la Rufiji. Ndipo mwindaji wa kijijini alipogeuzwa mhalifu, huku Mzungu mwenye leseni akiitwa mwanamichezo. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba kuwanyima watu silaha na nyavu za kulinda mashamba dhidi ya wanyama kuliongeza hasira iliyolipuka katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, vita vilivyoanzia huko huko kusini. Waingereza waliendeleza mkondo ule ule. Mwaka 1922 pori kubwa la kusini lilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji na askari Mwingereza aliyeuawa vitani Behobeho mwaka 1917. Katika miaka ya 1940 maelfu ya watu wa Liwale walihamishwa, ugonjwa wa malale ukitajwa kuwa sababu, na ardhi yao ikaingizwa porini.

Uhuru ulipokaribia ilikuja ahadi mpya. Septemba 1961, katika Azimio la Arusha kuhusu wanyamapori, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba wanyama hawa ni amana kwa wajukuu wa watoto wetu. Ahadi hiyo ilijaribiwa vikali. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Kufikia 1989 walibaki takriban 30,000. Mwaka huo serikali iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na Tanzania ikawa mstari wa mbele kudai biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ipigwe marufuku. Ikapigwa, na tembo wakapumua.

Walipumua kwa muda tu. Sensa zinaonyesha tembo wa nchi nzima walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza ya kuwasaka majangili. Badala ya kuwafikia vigogo, iliangukia vijiji: kamati ya Bunge ilieleza vifo, mateso, ubakaji na mifugo kuuawa. Desemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliwaondoa mawaziri wanne.

Uchunguzi wa kipolisi ulipofuata fedha, matokeo yalikuwa mengine. Yang Feng Glan, raia wa China aliyefika nchini miaka ya 1970 akiwa mkalimani wa Kiswahili wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, alikamatwa mwaka 2015. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kusafirisha mamia ya vipande vya meno ya tembo. Mapambano hayo yaligharimu damu. Wayne Lotter, mhifadhi aliyesaidia kunasa mitandao ya majangili, alipigwa risasi na kufa Dar es Salaam Agosti 2017.

Sasa tembo wanaongezeka, na sehemu kubwa ya Selous ya zamani ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Lakini kuongezeka kwao kunafika shambani kabla ya kufika kwenye takwimu. Mkulima anayekesha akipiga debe ili kuokoa mahindi yake hupewa kifuta jasho, na familia iliyofiwa hupewa kifuta machozi, ambacho kanuni za 2011 zilikiweka kuwa shilingi milioni 1. Sheria haiviiti fidia, na kweli havifidii.

Serikali imeonyesha kwamba inaweza kumfikia tajiri wa ujangili ikiamua. Iamue pia kumlipa mapema na kwa haki mwananchi anayeishi jirani na tembo, na kumpa sehemu ya kweli ya mapato ya utalii. Tembo hatalindwa na bunduki peke yake. Atalindwa na mwanakijiji anayeona faida ya tembo kuwa hai.