Toyota Kisiwani Unguja: Kitambaa, Bodi la Mbao na Kauli ya Fundi

Historia ya Toyota kisiwani Unguja haielezeki kwa kufuata tarehe za kiwanda peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari ya kampuni hiyo yanayotembea leo kati ya Malindi na Makunduchi hayakuuzwa na kiwanda wala na wakala wake, bali yaliteremshwa bandarini yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka mingi nchini Japani. Sifa yake kisiwani ilijengwa na wafanyabiashara walioyaleta, mafundi waliojifunza injini zake kwa kuzifungua na kuzifunga tena, maseremala walioyavisha mabodi ya mbao na wenye maduka ya spea waliohakikisha kwamba kifaa kinachotakiwa leo kinapatikana leo. Anayetaka kujua kwa nini watu wa Unguja huliamini gari hili kuliko mengine hana budi kuwatazama watu hao kwanza, na kiwanda baadaye.

Hata hivyo asili ya kiwanda chenyewe ina uhusiano na Unguja ambao mara nyingi husahauliwa, nao ni uhusiano wa nguo. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867 katika familia ya seremala, alitumia maisha yake kubuni mitambo ya kufumia pamba, na mwaka 1924 alikamilisha mtambo uliojiendesha wenyewe na kusimama wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Kanuni hiyo ya mashine kujisimamisha inapoona kasoro, ambayo Wajapani huiita jidoka, baadaye ikawa nguzo mojawapo ya utengenezaji wa magari ya Toyota. Miaka hiyo hiyo pamba ya Japani ilikuwa ikitafuta masoko mapya, na mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua safari za kudumu kuja Afrika Mashariki, zikileta vitambaa ambavyo kwa unafuu wa bei vilishindana vikali na vile vya Uingereza na India. Kwa hiyo mnunuzi wa Darajani alivaa kazi ya viwanda vya Japani miongo kadhaa kabla ya kupanda gari lililotoka huko, na kanga zilizopigwa chapa Japani ziliendelea kuuzwa mwambao mzima kwa muda mrefu baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kutoka kwenye nguo hadi kwenye magari haikuwa hatua ndefu. Kampuni ya mitambo ya kufumia ilianzishwa mwaka 1926. Mwaka 1929 haki za ubunifu wa ule mtambo ziliuzwa kwa Platt Brothers wa Uingereza. Na mwaka 1933 Kiichiro Toyoda, mtoto wa Sakichi, alifungua idara ya magari ndani ya kampuni hiyo ya mitambo. Gari la kwanza la majaribio lilikamilika mwaka 1935, jina la familia likabadilishwa kidogo na kuwa Toyota mwaka 1936, na kampuni ya magari ikasimama peke yake mwaka 1937. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma na Kiichiro akajiuzulu, kisha zabuni za malori kwa ajili ya Vita vya Korea zikaiokoa. Katika mazingira hayo hayo lilizaliwa gari lililokuja kuwa maarufu sana barani Afrika: mwaka 1951 kampuni ilitengeneza gari la magurudumu manne yenye nguvu, likapandishwa mteremko wa Mlima Fuji ili kuthibitisha uwezo wake, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Corolla ilifuata mwaka 1966, HiAce mwaka 1967 na Hilux mwaka 1968.

Mlango ambao Toyota iliingilia Tanzania ulifunguliwa na nyumba ya biashara iliyozaliwa Unguja. Familia ya Karimjee Jivanjee, ya Mabohora waliotoka Kutch nchini India, inahesabu mwanzo wa biashara yake Zanzibar kuwa mwaka 1818, yaani kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake kisiwani. Ilikua kwa bidhaa za nje na karafuu, ikavuka bahari kwenda Tanganyika na kuwekeza katika mkonge, na jina lake lingali juu ya ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliiondolea familia hiyo nafasi yake Unguja, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba ya mkonge ya Bara nayo yakaingia katika wimbi la utaifishaji. Katikati ya misukosuko hiyo miwili, mwaka 1965, kundi la kampuni zake lilichukua uwakala wa Toyota nchini, na uwakala huo ndio uliobaki kuwa uti wa mgongo wa biashara yake hadi leo. Jambo hili linastahili kupewa uzito kuliko linavyopewa, kwa kuwa linaonyesha kwamba ujuzi wa kuagiza, kukopesha na kusambaza uliokusanywa Mji Mkongwe kwa karne moja na nusu haukupotea pamoja na majengo na mashamba, bali ulihamia katika bidhaa nyingine.

Unguja yenyewe, hata hivyo, haikufaidika haraka. Barabara zilizoachwa na utawala wa Uingereza, ambao ulidumu kuanzia mwaka 1890 hadi Desemba 1963, zilitumiwa zaidi na magari ya Kiingereza, na mabasi ya mbao yaliyojengwa juu ya chasisi za malori ndiyo yaliyobeba watu na mazao kutoka shamba, neno ambalo kwa watu wa mjini humaanisha vijiji vyote vilivyo nje ya mji. Baada ya Mapinduzi uagizaji ulishikwa na serikali, fedha za kigeni zikaelekezwa kwenye mahitaji ya umma, na gari la mtu binafsi likawa kitu adimu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, ambapo masharti ya biashara yalilegezwa na watu wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Wazanzibari waliokuwa na ndugu Omani na Dubai walikuwa na njia tayari, na ndani ya miaka michache maduka ya Darajani na Mlandege yalijaa bidhaa za Ghuba.

Magari yalifuata njia hiyo hiyo, lakini kwa sababu mbili za ziada. Ya kwanza ni upande wa barabara: Unguja huendesha kushoto kama Uingereza ilivyoiachia, na Japani nayo huendesha kushoto, kwa hiyo gari lililotumika Nagoya lina usukani upande unaofaa Mwanakwerekwe bila kubadilishwa chochote. Dubai na Omani huendesha kulia, na ndiyo maana maeneo huru ya biashara ya Dubai yalihifadhi magari ya Kijapani yasiyoruhusiwa kutumika katika barabara za huko, yakisubiri kupelekwa Afrika. Sababu ya pili ni sheria ya Japani ya ukaguzi wa magari, iitwayo shaken, ambayo humtaka mwenye gari binafsi kulikaguza miaka mitatu baada ya kulinunua jipya na kila baada ya miaka miwili tangu hapo. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo gharama za kulipitisha zinavyomlemea, mpaka inakuwa nafuu kwake kuliuza kwa bei ndogo kuliko kulitengeneza, na gari ambalo kwa Mjapani limechoka huwa bado lina maisha marefu mbele yake chini ya mikono ya fundi wa Unguja.

Mahali ambapo Toyota iligeuzwa kuwa gari la Kiunguja hasa ni katika daladala. Dyna, lori dogo lililopata jina hilo mwaka 1959, lilitengenezwa kubeba mizigo, lakini kisiwani liliondolewa sehemu yake ya nyuma ya kubebea mizigo na kuingia mikononi mwa seremala, ambaye alilijengea bodi la mbao lenye paa la chini, mabenchi mawili marefu yanayotazamana, pembeni wazi zinazoshushwa turubai mvua inaponyesha, na mlango wa nyuma ambako utingo husimama akiita abiria na kupokea nauli. Juu ya paa hupakiwa mikungu ya ndizi, magunia ya muhogo, matenga ya samaki na baiskeli. Umbo hilo halikubuniwa Japani. Ni mwendelezo wa yale mabasi ya mbao ya zamani, na lina akili yake, kwa kuwa hewa hupita humo katika joto la Januari na bodi likioza hutengenezwa upande ulioharibika tu bila kulitupa gari zima. Malori ya kampuni nyingine za Kijapani yalivishwa mabodi kama hayo pia, lakini Dyna ilikuwa na faida moja ambayo waendeshaji waliithamini sana: injini zake nyingi za dizeli zilitoka katika ukoo mmoja na injini za baadhi ya Land Cruiser, kwa hiyo fundi aliyejifunza kwenye gari la serikali au la mradi wa misaada aliweza kulitengeneza daladala la Bububu bila kuanza somo upya.

Kanuni hii ya ukoo mmoja wa vifaa ndiyo inayoeleza maoni ya wenye magari kuliko sifa nyingine yoyote. Vitz, IST, Corolla, Spacio, Raum na Probox hutofautiana kwa sura na bei, lakini matoleo yake mengi yana injini moja ya sentimita za ujazo 1,500, ile ambayo mafundi huitaja kwa herufi za kiwandani, 1NZ. Kwa hiyo duka dogo la spea likiweka pampu ya maji, plagi na bearingi za injini hiyo linawahudumia wateja wa magari yote sita, nalo halina hofu kwamba bidhaa itakaa rafuni. Mwenye gari anapoulizwa kwa nini hakununua gari la Kizungu lenye viti vizuri zaidi, jibu la kawaida ni kwamba spea zake huagizwa na kusubiriwa, ilhali za Toyota zinapatikana, na kwamba siku akitaka kuliuza mteja hatakosekana. Hoja hiyo si ya kukosa tamaa ya vitu vizuri. Kwa dereva wa teksi ya Noah anayepeleka wageni Paje na Nungwi, au kwa mwenye RAV4 za kukodisha, gari lililosimama gereji wiki mbili katika msimu wa wageni ni hasara isiyofidiwa na ubora wowote wa viti.

Sifa hizo haziwazuii watu kulalamika, na malalamiko yao ni ya kitaalamu. Injini zilizopewa nembo ya D4, ambazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa badala ya kuichanganya na hewa kabla, zilifika kisiwani ndani ya baadhi ya Noah na RAV4 za miaka ya 2000, na mafundi wengi huwashauri wateja waziepuke, kwa kuwa pampu yake ni ghali na haivumilii mafuta machafu. Chumvi ni adui mwingine. Upepo wa bahari hula vyuma pande zote za kisiwa, na gari lililotoka kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, huweza kufika Malindi likiwa na kutu tayari chini ya rangi inayong'aa; ndiyo maana mnunuzi mzoefu huinama kutazama uvungu kabla ya kufungua mlango. Yapo pia mambo madogo ya kuishi na gari lililotengenezewa watu wengine: sauti ya kike inayozungumza Kijapani kila ufunguo unapozungushwa, na redio inayoishia megahezi 90, kiwango cha zamani cha Japani, hivyo kuziacha nje stesheni zote zilizo juu ya hapo mpaka fundi redio afunge kifaa cha kupanua mawimbi.

Lipo tatizo kubwa zaidi ambalo halisemwi sana. Gari la mtumba hukata uhusiano kati ya kiwanda na mtumiaji, na uhusiano huo ni muhimu pale kiwanda kinapogundua kasoro baada ya kuuza. Mwaka 2010 Toyota iliyaita mamilioni ya magari kwa matengenezo kutokana na hitilafu za pedali, na rais wake wa wakati huo, Akio Toyoda, kitukuu wa Sakichi, akahojiwa mbele ya Bunge la Marekani. Miaka iliyofuata, mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva, ilisababisha urejeshaji mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari, ukigusa kampuni nyingi, na miongoni mwa magari ya Toyota yaliyoguswa zilikuwamo Corolla na Vitz. Mwenye gari wa Japani hupata barua nyumbani na hubadilishiwa kifaa bila malipo. Barua hiyo haina njia ya kumfikia mtu wa Fuoni aliyenunua gari kwa mkono wa tatu, na fundi wake, hata awe hodari kiasi gani, hana sababu ya kuushuku mfuko ambao haujawahi kufunguka. Hapa ndipo kanuni ya Sakichi ya kusimamisha mtambo uzi unapokatika inapokwama baharini, na jukumu la kuyatafuta magari hayo na kuwajulisha wenyewe linastahili kubebwa na mamlaka za usajili, ambazo zina namba za chasisi za magari yote yenye kibao cha namba kinachoanza na Z.

Kwa sasa mjadala wa gereji umehamia kwenye magari yanayochanganya petroli na umeme, teknolojia ambayo Toyota iliianza sokoni kwa Prius mwaka 1997 na kuiingiza katika gari dogo la Aqua mwaka 2011. Magari hayo yanauzwa kwa wingi minadani Japani, na unywaji wake mdogo wa mafuta ungemfaa sana mtu anayekwenda na kurudi mjini kila siku kutoka Tunguu au Mahonda. Wanunuzi wanasita, si kwa kuidharau teknolojia, bali kwa sababu betri kubwa ikichoka ni wachache wanaojua kuifungua kwa usalama. Wanachosubiri ni kile walichokisubiri baba zao kwa Dyna na Land Cruiser, yaani fundi wa mtaani aseme kwamba ameshaifungua, ameshaifunga, na spea ziko dukani.